Sanamu na Anwani: Uhusiano wa Mchongo na Maandishi kwa Wayunani na Warumi wa Kale

Utangulizi

Mhubiri yeyote aliyepata kuhubiri juu ya Mathayo 22:15-22 anaikumbuka dinari aliyoletewa Bwana wetu, na swali alilowauliza walioileta. Mara nyingi tunalisoma swali hilo kana kwamba liliuliza jambo moja tu, yaani uso uliopigwa juu ya fedha ile ulikuwa wa nani. Kwa kweli Bwana aliuliza mambo mawili. Aliuliza habari za sanamu, ambayo kwa Kiyunani ni eikon, na habari za anwani, ambayo kwa Kiyunani ni epigraphe. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union walitumia neno "anwani" si kwa maana ya mahali barua inapopelekwa, bali kwa maana ya maandishi yanayowekwa juu ya kitu ili kutangaza ni kitu gani, au ni cha nani. Neno lilo hilo wakalitumia tena kwa maandishi ambayo Pilato aliyaweka juu ya msalaba (Yohana 19:19).

Mambo hayo mawili, sanamu na anwani, yalikwenda pamoja katika ulimwengu wa Wayunani na Warumi. Viwanja vya miji, mahekalu na njia za makaburini vilijaa michongo, na michongo hiyo kwa kawaida ilifuatana na maandishi. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi viwili hivi vilivyohusiana, tukitumia kazi chache za uchongaji zilizosalia hata leo. Hoja yetu ni kwamba kwa watu wa kale sanamu haikutosha kujieleza yenyewe. Maandishi ndiyo yaliyoipa jina, mwenyewe na sauti. Lakini maandishi nayo yaliweza kusema uongo, na mara nyingine mchongo ulibaki kuwa shahidi dhidi yake. Msomaji wa Agano Jipya asiyelijua jambo hili atazisoma sehemu kadhaa za Injili kwa jicho moja tu.

1. Sanamu inayosema "mimi"

Tuanze na sanamu ndogo ya shaba, yenye urefu wa sentimita 20 hivi, ambayo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Boston, Marekani. Ilitengenezwa mwanzoni mwa karne ya 7 K.K. katika nchi ya Boiotia, kaskazini ya Athene. Juu ya mapaja yake yamechorwa maneno. Hayasemi kwamba hii ni sanamu ya fulani. Sanamu yenyewe ndiyo inayosema: Mantiklos amenitoa kwa mungu Apolo kutoka katika fungu lake la kumi, nawe, mungu, umlipe kwa jambo la kupendeza. Msomaji wa Kikristo ataitambua mara moja ibada ya zaka, na ataitambua pia roho ya nipe nikupe, ambayo Injili inaipinga.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Mwaka 1878 katika kisiwa cha Delos ilifukuliwa sanamu ya marumaru ya mwanamke, yenye kimo cha mtu mzima, iliyochongwa katikati ya karne ya 7 K.K. Kando ya vazi lake, kutoka chini kwenda juu, yamekatwa maneno yanayosema kwamba Nikandre alinitoa kwa Artemi. Kisha maandishi yanamtaja Nikandre kwa jamaa zake: ni binti wa Deinodikes wa Naxos, ni dada wa Deinomenes, na ni mke wa Phraxos. Mwili wa sanamu hauelezi lolote kati ya hayo. Umenyooka kama ubao, mikono imeshuka ubavuni, na uso umelika kwa miaka mingi. Wataalamu hata hawakubaliani kama mwanamke huyo ni mungu Artemi au ni Nikandre mwenyewe. Tunachokijua kwa hakika tunakijua kwa sababu ya maandishi.

Kwa nini sanamu iseme "mimi"? Sababu moja yafaa kukumbukwa. Watu wa kale walikuwa na desturi ya kusoma kwa sauti. Filipo alimsikia Mwethiopia akisoma ndani ya gari lake (Matendo 8:30), na mwandishi haoni haja ya kueleza ilikuwaje hata akasikika. Kwa hiyo mpita njia aliyesimama mbele ya sanamu na kusoma maandishi yake aliikopesha sanamu sauti yake. Jiwe lilikuwa bubu mpaka alipotokea msomaji. Wakati huo jina la Nikandre, au la Mantiklos, lilitamkwa tena hewani. Wachongaji walilijua jambo hilo, na kwa ajili yake walichonga.

2. Phrasikleia: jiwe lililokaa kanisani

Sanamu nyingi za karne ya 6 K.K. zilifanana sana. Kijana mwanamume alichongwa uchi, mguu wa kushoto umetangulia. Msichana alichongwa amevaa, ameshika ua au tunda. Umbo lilo hilo liliweza kuwa sadaka hekaluni, au alama ya kaburi, au hata mungu. Mtu alitambua tofauti kwa mahali iliposimama, kwa alama chache alizoshika, na zaidi kwa maandishi yaliyokatwa kwenye kitako, yaani lile jiwe la chini linalobeba sanamu.

Habari za Phrasikleia zinalionyesha jambo hili vizuri. Katika kijiji cha Merenda, katika jimbo la Attika, palikuwa na kanisa dogo la Mama wa Bwana ambalo ndani yake lilijengewa jiwe la kale lenye maandishi. Wasafiri waliosoma Kiyunani walilifahamu tangu karne ya 18. Lilisema kwamba ni alama ya kaburi la Phrasikleia, ambaye ataitwa msichana milele, kwa kuwa miungu ilimpa jina hilo badala ya ndoa. Ubavuni pa jiwe mchongaji Aristion wa Paros aliandika jina lake. Hivyo kwa muda mrefu watu walikuwa na maandishi pasipo sanamu. Mwaka 1972, karibu na mahali hapo, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta sanamu ya msichana imezikwa ardhini, ikiwa nzima kwa kiasi cha kushangaza. Amevaa taji, na mkononi ameshika ua ambalo halijafunuka. Kitako na sanamu vilipolinganishwa vilionekana kuwa kitu kimoja.

Tuangalie jinsi viwili hivi vinavyosaidiana. Maandishi yanasema kwamba hakuolewa. Ua lililofumbika linasema jambo lilo hilo bila maneno. Sanamu yamwonyesha amevaa kama bibi arusi. Maandishi yanatuambia kwamba arusi haikuwapo. Mtu angeiona sanamu peke yake angefurahi kwa uzuri wake. Angeyasoma maandishi peke yake angehuzunika. Aliyeviona vyote viwili pamoja ndiye aliyeelewa wazazi wake walipoteza nini.

3. Bibi na mjukuu

Katika makaburi ya Kerameikos mjini Athene limepatikana bamba la jiwe la mwishoni mwa karne ya 5 K.K. Limechongwa mwanamke ameketi kitini. Mkono mmoja umebeba mtoto mchanga aliyefunikwa kwa nguo, na mkono wa pili umeshika ndege, kana kwamba anamchezea mtoto. Mtazamaji yeyote atasema bila kusita: huyu ni mama na mwanawe. Pengine, ataongeza, mama alikufa katika uzazi.

Maandishi yaliyo juu ya mchongo yanamsahihisha. Mwanamke ni Ampharete, naye ni bibi. Anasema kwamba amembeba mtoto mpendwa wa binti yake, yule aliyempakata walipokuwa hai wote wawili na kuuona mwanga wa jua; na sasa, akiwa amekufa, anambeba akiwa amekufa. Baada ya kuyasoma hayo hatuwezi tena kuutazama mchongo kama mwanzo. Mchongaji hakubadilisha mstari hata mmoja wa jiwe lake, lakini mtu tunayemwona ni mwingine. Tena, nyuma yao wawili tunamhisi wa tatu ambaye hakuchongwa, yaani binti aliyebaki hai, aliyempoteza mama na mtoto.

Wachungaji wanaozika wanajua jinsi ilivyo hatari kudhani kwamba tumekwisha kuelewa msiba kwa kuutazama tu. Ampharete anatufundisha kungoja neno.

4. Kitako kile kile, mtu mwingine

Warumi walipoitawala dunia ya Wayunani walirithi desturi ya kuwaheshimu watu wema na wakuu kwa kuwasimamishia sanamu. Wao waliongeza maandishi marefu yaliyotaja vyeo vyote vya mheshimiwa kwa utaratibu. Wakati huo huo miili ya sanamu ilizidi kufanana. Kuna umbo moja la mwanamke aliyejitanda vazi, lililopata kujulikana kwanza kutoka Herculaneum, ambalo lilirudiwa mara nyingi katika miji mingi ya dola ya Rumi. Mwili ulikuwa ule ule. Kichwa mara nyingi kilichongwa mbali kikaingizwa shingoni. Kwa hiyo jina lililokuwa kwenye kitako lilikuwa na uzito mkubwa.

Palipo na uzito wa namna hiyo udanganyifu hauko mbali. Iwapo anwani ndiyo inayosema sanamu ni ya nani, basi anayebadili anwani ambadili mtu, na hana haja ya kumlipa mchongaji. Mambo hayo yalitendeka kweli. Mbele ya lango la ngome ya Athene kinasimama hata leo kitako kirefu cha marumaru. Kilijengwa katika karne ya 2 K.K. kwa heshima ya mfalme wa Pergamo. Baadaye kiliandikwa jina la Agripa, mkwe wa Kaisari Augusto. Msafiri Pausanias, aliyeandika katika karne ya 2 B.K., aeleza kwamba sanamu za mashujaa Miltiades na Themistokles mjini Athene zilikwisha kuandikwa majina ya Mrumi mmoja na Mthrakia mmoja. Karibu na Argos aliikuta sanamu ambayo maandishi yake yalisema ni Augusto, lakini wenyeji walisema ni Orestes. Mtume Paulo alipozunguka Athene na kuyatazama waliyoyaabudu (Matendo 17:23), alipita katika mji ambao baadhi ya mawe yake yalikwisha kubadilishiwa majina.

Wenye busara kati ya watu wa mataifa waliliona jambo hili kuwa aibu. Cicero, akiwa liwali wa Kilikia, jimbo lenye mji wa Tarso, alimwandikia rafiki yake Atticus mwaka 50 K.K. kwamba alitamani kuacha ukumbusho fulani Athene, lakini alichukia maandishi ya uongo juu ya sanamu za watu wengine. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Dio, aliyeitwa Chrysostomos (tusimchanganye na Askofu Yohana Krisostomo), aliwahutubia watu wa Rodo kwa hotuba ndefu. Aliwashutumu kwa kuwa, walipotaka kumheshimu mgeni mkubwa, walichagua tu sanamu ya zamani, wakafuta jina lililokuwapo, na kukata jipya. Alizifananisha sanamu zao na waigizaji, ambao leo ni huyu na kesho ni yule. Kwake jambo hilo lilikuwa wizi: mtu aliyeutumikia mji alinyang'anywa kitu pekee alicholipwa.

5. Pengo linaloshuhudia

Kubadili anwani ni njia moja. Kuifuta ni njia ya pili. Mjini Rumi tao la Septimio Severo lilisimamishwa mwaka 203 B.K. kwa heshima yake pamoja na wanawe wawili, Karakala na Geta. Mwishoni mwa mwaka 211 Geta aliuawa kwa shauri la ndugu yake, na amri ikatoka jina lake lifutwe kila mahali. Katika maandishi ya tao hilo jina la Geta liliondolewa, na mahali pake yakawekwa maneno ya kuwasifu baba na mwana aliyebaki. Lakini herufi za shaba zilikuwa zimepachikwa kwa misumari, na matundu ya misumari ile ya kwanza yanaonekana bado. Kwa sababu hiyo wataalamu wameweza kulisoma jina lililofutwa.

Si mbali na hapo liko tao dogo lililosimamishwa mwaka 204 na wabadili fedha na wafanya biashara wa ng'ombe. Ndani yake Severo na mkewe Julia wamechongwa wakitoa sadaka. Kando yao pana nafasi tupu, kubwa kama mtu. Hapo alisimama Geta. Aliyemfuta alitaka watu wasahau kwamba aliwahi kuwako, na jiwe limewakumbusha watu kwa miaka elfu moja na mia nane.

Hapa hatuna budi kujihadhari na haraka yetu sisi Walutheri. Baada ya kuona jinsi maandishi yanavyoitawala sanamu, tungependa kusema kwamba hii ni hoja ya kuliunga mkono neno dhidi ya sanamu. La hasha. Maandishi ya Rodo yalikuwa ni neno, nayo yalidanganya. Pengo la Rumi si neno, nalo lasema kweli. Neno halistahili kuaminiwa kwa sababu limeandikwa. Lastahili au halistahili kwa sababu ya yule anayelisema.

6. Mawe yaliyobatizwa

Kanisa la kwanza liliirithi dunia iliyojaa sanamu, nalo halikuzivunja zote. Huko Efeso zimepatikana sanamu za Augusto na mkewe Livia zilizokatwa alama ya msalaba katika paji la uso. Aliyefanya hivyo hakuziharibu, aliziandika upya. Efeso hiyo hiyo limepatikana jiwe ambalo Mkristo aliyeitwa Demeas alitangaza kwamba ameiondoa sanamu ya Artemi, ambayo kwake ilikuwa sura ya udanganyifu ya pepo, na kuisimamisha alama ya msalaba. Twaona kwamba Wakristo walitumia desturi ile ile ya kale: kitu chapewa bwana mpya kwa kupewa alama mpya. Swali la Dio lawahusu nao pia. Je, kubadili anwani kwatosha kumbadili mwenye sanamu?

7. Dinari na msalaba

Sasa twaweza kurudi kwenye dinari. Wataalamu wengi hudhani kwamba ilikuwa ile ya Tiberio, aliyetawala tangu mwaka 14 hadi 37 B.K. Upande mmoja una uso wa mtu aliyevaa taji ya majani. Uso huo hausemi zaidi ya kwamba ni mtu. Anwani ndiyo isemayo zaidi: kwamba ni Tiberio Kaisari Augusto, mwana wa Augusto aliyefanywa mungu, na upande wa pili, kwamba ni kuhani mkuu. Kwa hiyo Bwana alipouliza habari za anwani aliwafanya watu wasome kwa vinywa vyao madai hayo, na walioyasoma walikuwa na fedha hiyo mikononi mwao. Wao wakajibu kwa neno moja tu, kwamba ni ya Kaisari. Tangu Tertuliano, walimu wa Kanisa wamefundisha kwamba fedha yenye sura ya Kaisari apewe Kaisari, na mwanadamu mwenye sura ya Mungu apewe Mungu. Mafundisho hayo ni mema, lakini yamechukua nusu ya swali. Sura ya Mungu ndani yetu imeharibika, kama uso wa Nikandre ulivyolika. Ni nani atakayetambua sisi ni wa nani kwa kututazama? Twahitaji anwani, nayo tumepewa katika ubatizo, ambapo jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu lilitamkwa juu yetu.

Msalabani mambo yanageuka. Juu ya mwili uliopigwa na kuvuliwa nguo pana anwani inayosema kwamba huyu ni mfalme. Hakuna mahali pengine ambapo sanamu na maandishi vinapingana zaidi. Pilato aliandika kwa dhihaka, kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani. Makuhani wakuu waliyasoma, nao wakaomba jambo lililokuwa la kawaida katika dunia yao: maandishi yabadilishwe kidogo. Katika dola ambamo majina ya wakuu yalifutwa na kuandikwa upya, liwali huyu alikataa (Yohana 19:21-22). Hakujua alichokilinda. Watu walioamini tu tokeo lile la kutisha waliona mhalifu. Aliyeamini anwani, kama yule mnyang'anyi katika Luka 23, alimwomba amkumbuke atakapoingia katika ufalme wake.

Hitimisho

Mwaka 1530, alipofafanua Zaburi ya 111, Luther alishauri kwamba wanaopenda kuweka picha madhabahuni wachore Karamu ya Bwana, na kuizunguka yaandikwe maneno ya Zaburi hiyo kwa herufi kubwa za dhahabu. Hakuiogopa picha, wala hakuiacha peke yake. Alitaka jicho lipewe kitu cha kutazama, na moyo upewe neno la kukielewa.

Wanafunzi wetu watakapotoka chuoni wataulizwa na wafiwa swali dogo: tuandike nini juu ya kaburi? Wengi watajibu haraka kwamba jina na tarehe zatosha. Tunawasihi wasijibu haraka. Wamkumbuke Ampharete, ambaye pasipo maandishi tungemwita asivyokuwa. Na wamkumbuke yule aliyeheshimiwa Rodo, ambaye jina lake lilifutwa na mtu mwenye patasi. Jina lililokatwa katika jiwe laweza kufutwa. Lile ambalo Mungu amelichora katika viganja vya mikono yake (Isaya 49:16) halina patasi ya kulifikia. Yafaa maneno ya kaburini yaseme hivyo, kwa ufupi na kwa kweli, ili mpita njia atakayeyasoma kwa sauti amtangaze marehemu, na zaidi ya hapo amtangaze Yeye ambaye marehemu ni wake.